Kidole cha Shahada

Sikumtambua kwa uso.
Alipolaza mkono juu ya taulo, kiganja kikitazama dari,
nikaliona kovu, mshono wa umbo la zeti
kwenye kidole cha shahada, upande unaokutana na dole gumba.
Nikasema: Bi Mwansiti. Wa Muheza. Wa machungwa.
Akacheka. "Kumbe mimi sina sura, nina kidole."

Chumba chetu pale Bombo hakina dirisha.
Feni inazungusha joto lilelile la tangu asubuhi.
Nikamwonya kuwa jeli ni ya baridi;
akasema hii ni mara ya tatu, hata baridi yake anaijua.

Mara ya kwanza ilikuwa punje ya ufuta.
Niliiandika kwa milimita, hakuna aliyetishika.
Mara ya pili, kunde. Wakampasua,
wakatoa kitu cha manjano iliyoingia kutu.
Alikiona ndani ya kichupa: "Ini la kuku," alisema,
"lililokaangwa na mtu mvivu."
Majibu ya maabara yalichukua wiki tano.
Si saratani. Akachinja jogoo.

Leo natelezesha kifaa, taratibu,
na kioo kinafunguka, majivu juu ya majivu:
mfupa, mstari mweupe mkali kama ukingo wa sahani;
kano, nyuzinyuzi, inang'aa na kuzimika kila nikiinamisha mkono;
na juu ya kano, palepale, giza la mviringo.
"Kunja," nasema. "Kunjua."
Kano inapita. Lile giza halisogei,
kama mtu aliyeketi mlangoni na hataki kupisha.
Nabonyeza kitufe cha rangi: vidoa viwili vyekundu.
Kinakunywa damu.
Napima. Milimita kumi na moja.
Kokwa ya chungwa, nawaza, ila neno hilo silitamki.

"Kimeshika ala ya kano," namwambia.
"Ala? Kama ya kisu?"
"Kama ya kisu. Na kina vitoto.
Kikibaki kitoto kimoja, kama chembe ya chumvi, kinaanza upya.
Lakini hakina madhara."

"Hakina madhara kwa nani?
Nilikuwa nachuna chungwa kwa ganda moja,
utepe mrefu mpaka chini, watoto wa shule wakiuvaa bangili.
Sasa linakatika mara sita. Mteja anaona, anahamia meza ya pili.
Kwenye tahiyatu kinanyanyuka nusu.
Mungu ataelewa. Watu wa stendi hawaelewi."
Akanyamaza, kisha:
"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu nimpe jembe gani, na mkono wenyewe ndio huu?"

Kwa mkono wa kushoto akafungua bahasha ya kaki.
"Nimekuletea ile ya kwanza, ulinganishe."
Mashine yetu huchapa kwenye karatasi ya joto, ile ya risiti.
Miaka minne kabatini, chini ya kanga za harusi,
na imekuwa nyeupe: jina, tarehe, punje ya ufuta, vyote vimekwenda.
Aliigeuza mbele na nyuma, akainyanyua kwenye taa.
"Ona," akasema, "hapa nimepona."

Niliandika: uvimbe umerejea mahali palepale,
umetambaa kuelekea kiganjani;
apelekwe Dar, kipimo cha sumaku,
mpasuaji aione mipaka kabla ya kisu cha pili.
Neno *umerejea* nililifuta mara mbili, nikalirudisha.

Nikamchapia picha mpya, ingali vuguvugu.
Ipige kwa simu, nikamwambia, kabla nayo haijafifia.
Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka pembeni,
akagusa kwa kidole cha shahada.
Kikateleza; jeli ilikuwa haijakauka.
Akagusa tena, kikateleza tena.
Akatumia cha kati.